Sifuri katika Jicho la Masudi

Inspekta Omer Kalumba hakuipenda methali ya "lisemwalo lipo". Kwa miaka kumi na tisa ya kazi katika ofisi ya mashtaka, ambayo Kolwezi nzima inaiita parke, alikuwa amekuta mengi yaliyosemwa sana na hayakuwapo kabisa. Na mwaka huo wa 1993 watu walikuwa wanasema zaidi kuliko walivyokuwa wanakula.

Asubuhi ya tarehe 31 Machi lililosemwa lilikuwa hili: Kanku, nesi wa macho, Mkasai, alitia sumu katika sindano za macho kabla ya kufukuzwa kazini, ili awaachie Wakatanga zawadi ya upofu. Watu watatu walikuwa wamepoteza jicho. Kanku mwenyewe alikuwa stesheni kwa wiki tatu sasa, pamoja na maelfu ya Wakasai waliotolewa majumbani mwao, akingoja treni ya kumpeleka katika nchi ambayo hajawahi kuiona.

"Saa tisa treni inatoka," alisema Mukalay, bosi wake, huku karatasi ya kumkamata Kanku ikiwa mezani, imeandikwa tayari na haijatiwa saini. "Akipanda, ametuponyoka. Niletee rapport mbele ya saa tisa, mi nasinya."

"Na akiingia gereza, patron? Juma hii? Mukasai, na hii maneno ya macho juu yake?"

"Ile haiko kazi yako."

Kalumba akachukua kofia yake. Alijua, na Mukalay alijua, na hata mfagiaji aliyekuwa mlangoni alijua, kwamba mwanamke huyo akiingia gerezani na shtaka hilo hataiona Jumapili. Basi alikuwa na saa saba, na hakuwa na gari.

Chumba cha macho kilikuwa mwisho wa ukumbi wa hospitali: kitanda kimoja, meza, kabati la vioo lenye kufuli. Ukutani, kando ya dirisha, palikuwa na afishi kubwa ya chama iliyoandikwa KATANGA YA WAKATANGA. Aliyempokea alikuwa Henri, mtu mpole mwenye koti jeupe lililombana mabegani. Alikuwa amefanya kazi chumba cha plasta kwa miaka minane, akifunga mikono na miguu iliyovunjika, mpaka Februari alipopewa nafasi ya Kanku kwa sababu moja tu: babu yake alizikwa karibu.

"Tata Henri, ni nani alitoboa bantu sindano?"

"Munganga, docteur wa Lubumbashi, yeye mwenyewe. Tarehe kumi na mbili ya janvier. Bantu munane."

"Kanku alishika nini?"

"Alishika plateau ya sindano."

"Bichupa, ni nani alifungua?"

"Munganga. Mais Inspekteri, bale bantu ba Kasai beko na mayele mingi, ujanja…"

"Mi siulize mayele. Nauliza bichupa."

Vichupa vilikuwapo, vinane, vitupu, ndani ya boksi lao. Kalumba akavipanga mezani kimoja kimoja na kusoma namba za kiwanda. Zote zilikuwa sawa. Ilikuwa kortizoni, dawa inayochomwa pembeni ya jicho ili kupunguza uvimbe wa retina, lile pazia la nyuma linalopokea mwanga. Watu wanane, dawa moja, mkono mmoja, siku moja. Watatu wameharibikiwa, watano wazima. Sumu gani hiyo yenye kuchagua?

"Aba batatu, majina yabo?"

"Tata Masudi wa macamion. Mama Mado, directrice wa masomo. Na Mama Mbuyi."

"Mbuyi wa wapi?"

Henri akatazama viatu vyake. "Mukasai."

"Ni nani kwa Kanku?"

"Ndugu yake. Tumbo moja."

Kalumba akaandika hilo taratibu, kila herufi ikae vizuri. Kama Kanku alikuwa na sumu ya Wakatanga, alikuwa ameanza na dada yake.

Lakini inspekta mzuri haui wazo moja kabla ya kutafuta la pili. Huenda kosa halikuwa kwenye sindano. Katika hospitali nyingi za miaka hiyo dawa zilitoka mlango wa nyuma, zikajazwa maji. Akaomba ufunguo wa kabati. Ndani alikuta matone ya macho na vidonge, safu mbili zilizojaa, kila kifuniko kikiwa na utepe wake wa kiwandani. Hakuna kilichoguswa, na wazo la pili likafia hapohapo.

"Hii dawa ni ya nini?"

"Ya kushusha pression ya jicho. Ile sindano, bantu bengine inabapandishia pression mu jicho. Kanku alikuwa anabapa matone."

"We ulimupa Masudi?"

"Hapana! Ju ya nini? Pression yake ilikuwa inashuka. Angalia mu kitabu."

Henri alilifungua daftari kwa fahari ya mtu anayejua mwandiko wake ni mzuri. Kurasa za Kanku zilikuja kwanza, kisha zake. Kwa kila mgonjwa palikuwa na tarehe na kipimo. Jicho la kushoto la Masudi, kwa mkono wa Kanku: kumi na tano kabla ya sindano, ishirini na mbili wiki mbili baadaye, na pembeni mstari mwekundu. Kisha kwa mkono wa Henri, kila wiki ya pili: tatu, mbili, moja. Mwisho, tarehe 23 Machi: sifuri. Na chini yake, kwa wino wa bluu, "Muzuri sana."

Kalumba akapitisha kidole chini ya safu yote. Wagonjwa wanane, na tangu siku Henri alipoingia hakuna hata mmoja aliyezidi saba, hata wale watano wazima. Kwa Kanku hakuna aliyekuwa chini ya kumi na nne.

"Ulibapima na nini?"

Kilikuwa kwenye kisanduku chenye kitambaa chekundu ndani: kifaa kidogo cha chuma, chenye mguu wa kukaa juu ya jicho la mtu aliyelala na mshale unaotembea mbele ya namba. Kando yake vyuma vitatu vidogo vya uzito, chupa ya dawa ya ganzi, na kidonge cha chuma cha mviringo kilichong'arishwa.

"Na hii chuma ya duara?"

"Sijue. Iko mu kisanduku tangu zamani."

Mwishoni mwa daftari palikuwa na karatasi iliyobanwa kwa pini. Ilikuwa ya makabidhiano, ile remise et reprise ambayo mtu wa Kolwezi hawezi kuacha hata ufagio bila kuisaini. Ilikuwa ya tarehe 3 Februari, kuanzia saa nne hadi saa nne na robo. Kalumba akaisoma yote. Saini ya tatu akaisoma mara mbili. Kisha akaikunja na kuitia mfuko wa ndani, akavitia daftari, kisanduku na dawa ndani ya mfuko mmoja, na kuufunga kwa lakiri ya parke.

"Henri, vaa viatu vya kutembea. Tutaenda wote."

Masudi alikuwa wa ukoo wa wachukuzi, watu waliotoka Kasongo zamani na kuleta Kolwezi malori, misala na pilau. Yeye mwenyewe alikuwa ameendesha njia ya Kisenge na ya Musumba kwa miaka thelathini, na kulikuwa na mashimo ya barabara aliyoyajua kwa majina. Sasa alikuwa ameketi barazani, jicho la kulia limefunikwa kitambaa, la kushoto limekuwa jekundu. Mkewe Bilkisi alishika bakuli miguuni pake, kwa maana mumewe alikuwa akitapika tangu alfajiri.

"Tata Masudi, hii mashtaka ulisinya we?"

"Nilisinya. Banasema ni Kanku."

"Nani anasema?"

"Bantu bote."

"Bantu bote habana jina. Jicho ya kushoto inaona?"

"Jana nilikuwa naona muti ya jirani. Leo naona kivuli yake. Taa ya mangaribi inavaa duara ya rangi, na kichwa inataka kufunguka."

"Henri alikuambia nini juma iliyopita?"

Masudi akacheka bila furaha. "Alisema: Tata, furahi, uko na zero. Pression imeisha. Mi ni mutu wa camion, Inspekteri. Pneu ya camion yenye zero iko plat, haina hewa. Lakini hii jicho haiko plat. Hii inataka kupasuka!"

"Miye nilimugusa," alisema Bilkisi. "Juu ya kope, polepole, hivi. Ngumu. Ya mutu muzima inabonyea kidogo. Yake ni kokoto."

Kalumba akaweka mfuko juu ya meza. Kitabu kinasema sifuri, na mkono wa mke unasema kokoto. Mke hana sababu ya kudanganya, na Henri, kwa jinsi Kalumba alivyomsoma, hana akili ya kudanganya vizuri namna hiyo. Basi kilichobaki ni chombo.

Akavunja lakiri mbele yao, akaandika saa aliyoivunja, na kukitoa kile kifaa. Babake alikuwa mtu wa kompresa mgodini, na alimfundisha jambo moja: kabla hujaamini mshale, uulize kitu unachokijua. Akachukua kidonge cha chuma, akakiweka mezani, akakisimamisha kifaa juu yake.

"Mama Bilkisi, chuma ni ngumu ao laini?"

"Maulizo gani hiyo? Ni ngumu."

"Soma mushale."

Akainama. "Zero."

Kalumba akakunja mkono wake wa kushoto na kukiweka kifaa juu ya nyama iliyo chini ya kidole gumba. Mshale ukapanda hadi tisa na kuzidi.

"Na hii?"

"Laini. Kenda… Kumbe!" Bilkisi akamgeukia Henri, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo sauti yake ikapanda. "Kumbe kadiri inashuka, njo jicho inakuwa ngumu!"

Henri alikuwa amekaa chini, juu ya saruji. Midomo yake ilihesabu bila sauti: tatu, mbili, moja, sifuri. Kila namba aliyoiandika kwa furaha ilikuwa ngazi moja ya mtu kuelekea gizani.

"Mi niliona inashuka," alisema. "Ile siku ya zero nilifurahi mbaya. Nilienda kuambia bibi yangu."

Kalumba alimhurumia, na hakumficha hilo. Lakini huruma haishushi presha ya jicho, na saa ilikuwa tano na nusu. Kulikuwa na mtu mmoja tu Kolwezi aliyejua dawa ipi, kwa kiasi gani, na kwa haraka gani. Mtu huyo Masudi alikuwa amesaini afungwe.

"Camion inatembea?" aliuliza.

"Inatembea," alisema Masudi. "Dereva yuko nyuma. Tunaenda wapi?"

"Ku gare. Kuomba."

Stesheni hiyo haikuwa stesheni tena. Watu walikuwa wamekaa kwenye majukwaa, kwenye reli, chini ya mabehewa mabovu, na magodoro, vyerehani, vyungu na milango waliyoing'oa katika nyumba zao wenyewe. Walikuwa makarani, mafundi wa umeme, walimu wa hesabu. Mji ulikuwa unajikata mkono na kupiga makofi.

Kanku alikuwa ameketi juu ya sanduku la bati, mgongo wima, blauzi imepigwa pasi. Kwa pasi gani, katika vumbi lile, ni siri yake. Ubavuni pake alikuwa dada yake Mbuyi, jicho moja limezibwa pamba. Kalumba alimwacha Masudi ndani ya lori na kwenda peke yake na daftari, kwa sababu kazi ni kazi na maswali hayana budi kuulizwa.

"Jina?"

"Kanku. Infirmière wa macho, miaka kumi na saba. Andika ile ya macho mbele."

"Asili?"

"Kolwezi."

"Mama, bananiuliza kabila…"

"Nilizaliwa mu maternité ya ile hospitali. Andika Kolwezi, ao usiandike kitu."

Kalumba akaandika Kolwezi.

"Ulijua ile sindano inaweza kuharibu jicho?"

"Nilijua. Kortizoni inaponyesha retina, lakini kwa bantu bengine inapandisha pression. Haipandake siku ile ile. Ni kisha juma mbili, tatu, ine, mutu anasikia muzuri, hajue kitu. Njo maana tunabaita kila juma mbili, tunapima. Mwenye kupanda tunamupa matone na bidonge, anashuka, anabakia na jicho yake. Sindano haiko mubaya, Tata Inspekteri. Mubaya ni kuitoboa na kuacha kupima."

"Ulipotesha macho ngapi?"

"Kwa ile njia? Mu miaka kumi na saba?" Akainua kidevu. "Hata moja."

"Leo matatu yamepotea."

"Kisha mi kutoka. Batatu bale bote niliwekea mustari mwekundu, ju pression yabo ilianza kupanda. Nilikuwa nabangoja tarehe kenda ya février. Tarehe tatu banakuja na fimbo."

Ilikuwa kweli. Kalumba alikuwa ameiona mistari hiyo.

"Henri aliendelea kupima," alisema. "Tata Masudi, kushoto, juma iliyopita, aliandika zero."

Kanku akasimama. "Zero?"

"Zero."

"Na angali anaona?"

"Kivuli."

"Basi munakaa hapa munaniuliza kabila! Ule mutu eko wapi?"

Henri na Bilkisi walimleta wakimshika huku na huku. Mbuyi alipomwona akageuza uso. "Huyu njo alisinya ufe," alimwambia dada yake.

"Alisinya," alisema Kanku, akikunja mikono ya blauzi. "Alete jicho."

Mkeka ukatandikwa kati ya sanduku na gurudumu la behewa. Masudi, ambaye aliwahi kuvuka mto uliofurika akiwa na tani saba za chumvi na hakuogopa, alikuwa analia. "Mama Kanku, unisamehe," alisema. Kanku akamjibu kwamba machozi yanaosha ganzi, basi anyamaze kwanza. Akatia tone la ganzi na kumwambia atazame juu, asipepese.

Ndipo Mukalay alipofika na askari wanne, na nyuma yao kundi la vijana waliosikia harufu ya jambo. Karatasi ilikuwa mkononi, na mara hii ilikuwa imesainiwa.

"Kalumba! Nilingoja rapport, bantu banakuja kuniambia uko hapa. Unafanya hopitali ku gare?"

"Nafanya rapport, patron. Karibieni. Niko na haja ya shahidi mwenye kujua kusoma."

Mukalay alikuwa mtu mwenye kujipenda, na maneno hayo yalimfanya ainame. Kanku alikuwa amepiga magoti, kifaa kimesimama juu ya jicho, mkono wake hautikisiki hata kidogo.

"Mushale unasema nini?" aliuliza Kalumba.

"Zero."

Kanku akakiondoa na kukiweka juu ya kidonge cha chuma.

"Na sasa?"

Mukalay akaufuata mshale kwa kidole. "Zero."

"Jicho ya mutu na chuma, sawasawa," alisema Kalumba, na akalisema kwa sauti ya kufika kwa vijana. "Mama, zero ni pression ngapi?"

"Arobaini na moja na nusu. Moja ni makumi tatu na ine na nusu. Mbili, makumi mbili na kenda. Tatu, makumi mbili na ine. Tano njo ya mutu muzima, kumi na saba." Hakuwa anatazama popote, alikuwa anatafuta vidonge ndani ya mfuko wa Kalumba. "Mushale hausome pression. Unasoma namna jicho inabonyea. Pression unaitafuta mu karata, ile jedwali ya namba. Karata niliibandika ku ukuta, pembeni ya dirisha, mutu yeyote mwenye kuingia aione."

Henri akatoa sauti ndogo. "Pale kuna afishi."

"Afishi gani?" aliuliza Kalumba, ingawa aliikumbuka vizuri.

"Ya chama. Vijana balibandika ile siku balikuja kumutosha Mama ku kazi." Akameza mate. "Mi njo nilishika koli ya kubandikia."

Hakuna aliyecheka. Hata wale vijana walitazama pembeni, kila mmoja akitafuta mahali pa kuweka fimbo yake.

"Tata Masudi, uko na asma?" aliuliza Kanku.

"Hapana."

"Mafigo?"

"Hapana. Sukari tu."

Akamtia matone ya aina mbili, akampa vidonge viwili na maji, na kumwambia alale. Saa ilikuwa saba kasoro robo. "Kisha lisaa moja na nusu napima tena," alisema. "Ikishuka, ataona. Isiposhuka, munaweza kunifunga."

"Nitakufunga sasa," alisema Mukalay. "Hii yote inaonyesha kama infirmier alikosa. Haionyeshe kama we haukuficha ile karata kwa kusudi. Ulitoka bila kumuonyesha mwenzako kazi!"

Kalumba alikuwa akingoja sentensi hiyo. Akatia mkono mfuko wa ndani na kufungua karatasi iliyokunjwa.

"Remise et reprise, le trois février. Kiti moja, meza moja, kitanda moja, kabati moja na funguo, kipima-jicho moja mu kisanduku yake. Saa ine kufika saa ine na robo. Kisha mutu anatolewa inje. Mu robo ya saa bantu balihesabia chuma, patron, lakini hakuna alimuuliza Mama Kanku inasomewa namna gani. Kuko sinyatire tatu. Ya Mama. Ya Henri. Na ya shahidi wa parke, mwenye kuhakikisha kama kazi imekabiziwa vizuri." Akaigeuza karatasi ili bosi wake aione bila shida. "Mi sijue kusoma hii ya tatu. Munisaidie."

Mukalay akaiona saini yake mwenyewe, akaifunika kwa kiganja.

"Rapport yako itasema nini?" aliuliza Mukalay kwa sauti ya chini.

"Itasema kweli. Kama macho matatu yalipotea ju ya kazi iliyokabiziwa mu robo ya saa, na haiko ju ya sumu. Majina ya benye kusinya nitayaandika yote. Mi ni Mukatanga wa Kabongo, patron, na babu na babu wa babu. Sitaki mutu aseme kesho kama Katanga ilihitaji uongo."

Ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kutoa mbele ya mkubwa wake, na alipoimaliza masikio yalikuwa yanawaka moto. Alijivunia kila neno. Mukalay aliikunja hati ya kukamata mara mbili, mara nne, lakini hakuichana. Akaketi juu ya gunia la mtu, na kusema angesubiri kipimo.

Kanku hakusubiri bure. Alimwita Henri, akamketisha, akamlaza Mbuyi juu ya mkeka mwingine. "Anza na chuma. Kila asubuhi, chuma kwanza. Isiposema zero, chombo kimeharibika. Sasa jicho yake ya muzima. Polepole! Hauko unafunga muguu." Henri alikosea mara tatu. Mara ya nne alisema tano, kisha, macho yamefumbwa, akasema kumi na saba, na Kanku akampa kalamu ili aandike jedwali zima kwa mkono wake. Alimtajia wagonjwa mmoja mmoja, yupi ana asma asipewe matone yapi, yupi ni mwongo atasema amekunywa dawa na hajanywa. Mama Mado atafutwe leoleo, jicho la pili lipimwe. Jasho lilimtoka Henri mpaka kola.

Saa nane na robo Kanku akapiga magoti tena juu ya Masudi. Watu walikuwa wamejaa duara, Wakasai na Wakatanga bega kwa bega, jambo ambalo Kolwezi haikuwa imeliona tangu Krismasi.

"Soma we," alimwambia Henri.

Henri akainama. Akafuta uso kwa mkono, akainama tena. "Mbili."

"Mbili ni ngapi?"

"Makumi mbili na kenda. Imeshuka… Mama, imeshuka kweli!"

Bilkisi akapiga kigelegele, na wanawake wa stesheni, ambao hawakuwa na sababu yoyote ya kushangilia siku hiyo, wakamwitikia. Mukalay akasimama, akaichana hati vipande na kuvitia mfukoni. Kisha akasema jambo ambalo Kalumba hakulitarajia.

"Mama Kanku, baki. Nitaandika barua. Askari wawili mlangoni mwako. Hopitali haina mutu."

Kanku alikuwa anafuta kifaa kwa spiriti. Alikifuta mpaka kikang'aa, akakilaza kwenye kitambaa chekundu.

"Patron, mulinitosha mbele ya bagonjwa bangu na fimbo. Leo munanirudisha na askari babili. Siku bale babili bataenda kula, nani atanichunga?" Hakusema kwa hasira. "Kazi yangu naiacha kwa huyu, na nimemukabizi muzuri. Mi siende ju nimekosa. Bantu bote basikie: Kanku haende ju amekosa."

"Tumesikia," alisema Kalumba, na akaliandika katika karatasi yake neno kwa neno, na saa pembeni.

Treni ilifika saa tisa na nusu. Ilichukua muda mrefu kupakia watu wengi namna ile, na Henri ndiye aliyebeba sanduku la bati kichwani, akisukumwa na kutukanwa na wenzake, mpaka behewa la tatu. Kanku alimtanguliza dada yake, kisha akapanda, na hakukaa.

Masudi alikuwa ameegemezwa kwenye gurudumu la lori lake, uso umeelekea reli. Mabehewa yakagongana, yakaanza kusogea. Bilkisi akainama sikioni mwake ili amsimulie, maana alizoea sasa kumsimulia kila kitu.

"Nyamaza," alisema Masudi. "Namuona."

"Unamuona nani?"

"Mama Kanku. Wagon ya tatu, mu mulango. Blauzi nyeupe." Alikuwa amejishika kwenye gurudumu na kuinuka mwenyewe, machozi yakimtoka katika jicho lile aliloambiwa asilichokoze. "Bantu bote banainama, Bilkisi. Yeye anasimama."